Ushanga wa Kaburini

Kaka yangu Kyungu ni fundi wa redio, na kama walivyo mafundi wengi wa redio, hapendi kusemeshwa. Ukiingia kwenye kibanda chake hapa Katuba atakuonyesha kiti kwa kidole, atanyoosha mkono kupokea kilichoharibika, na utaondoka hujui kama amekusalimia. Wateja wamezoea. Mimi ni mdogo wake wa tumbo moja na sijazoea mpaka leo.

Naitwa Chola. Kwa upande wa mama yetu, hilo ni jina la mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha, kwa hiyo yeyote anayesikia jina langu anajua tayari kwamba mimi si habari yenyewe, ni kilichofuata baada ya habari. Habari yenyewe ni wao wawili: Kyungu aliyetangulia kutoka tumboni, na Kabange aliyemfuata. Nyumbani kwetu mapacha wana sheria zao. Anachopewa mmoja, mwenzake hupewa kilekile. Mashati yao mama aliyakata kwenye kitambaa kimoja. Kabange akivunja sahani walichapwa wote wawili, na Kyungu hakulalamika hata mara moja. Mama Mwaba, dada mkubwa wa mama yetu, alimtungia kila mmoja uzi wa shanga wa kuvaa shingoni. Shanga zenyewe zilikuwa za rangi saba, zikifuatana bila mpango wowote, kadiri vidole vyake vilivyookota kwenye bakuli. Uzi wa kwanza aliutunga alivyojisikia. Wa pili aliutunga akiutazama wa kwanza, ushanga kwa ushanga, mpaka nyuzi zote mbili zikawa sawasawa. Nilipozaliwa mimi, nilipewa lile bakuli. Ninalo bado, naweka sabuni.

Sheria nyingine ni hii. Pacha mmoja akifa, yule aliyebaki hasemi kwamba mwenzake amekufa. Sisi wengine tunaweza kulitaja neno hilo pembeni, lakini yeye akilitamka kwa kinywa chake, amejiita mwenyewe. Husema mwenzake ameenda kuchota chumvi, kwa sababu zamani watu waliokwenda kuchota chumvi walikawia sana huko.

Kabange alienda kuchota chumvi mvua zilipoanza, katika mwaka ule ambao mji wetu ulikatika vipande. Homa ilimchukua katika siku chache, na dawa hazikuwepo. Wakuu wa serikali walikuwa wamekwishahama, simu zilikuwa zimekufa, na barabara kubwa ya Kasumbalesa ilikuwa mikononi mwa watu wenye bunduki ambao sitawataja zaidi ya jina tulilowapa, yaani Wale. Waliweka kizuizi, barrière tunavyokiita. Gari likisimamishwa pale, mara nyingine lilirudi, likiendeshwa na mtu mwingine. Waliokuwa ndani hawakurudi.

Kabla ya homa hiyo, Kabange alikuwa dereva wa gari la wagonjwa la kituo kidogo cha afya, na Kyungu alikaa kibandani na redio akimwongoza njia. Redio zao za mkononi zilikuwa na kufuli. Mtu asiye na ufunguo akisikiliza anapata mvumo tu, kama mchanga unamwagwa kwenye bati. Ufunguo wenyewe ni tarakimu zinazobonyezwa ndani ya redio, na lazima ziwe zilezile huku na kule. Anayefunga na anayefungua wanatumia kitu kimoja, na hapo ndipo nguvu yake ilipo, na hapo pia ndipo ubaya wake ulipo. Mimi nilikuwa na paneli mbili za sola juu ya bati langu, mlango wa pili kutoka kibandani, na kazi yangu ilikuwa kuchaji betri zao. Kwa hiyo niliyasikia yote.

Tarakimu za kwanza alizitoa Emmanuella, mwalimu wa kompyuta kwenye chuo cha Kasapa kabla hakijafungwa. Alitupa dadu mezani kwa Kyungu, akampa tarakimu thelathini na mbili. Siku alipokuwa anakimbilia Zambia, Kabange akiwa bado mzima, alipitia kibandani na begi lake mgongoni kutuonya. Alisema Wale wamepata njia ya kutumia kompyuta ya kwantamu, iliyoko nchi ya mbali, ambayo mwenye pesa anaikodisha. Kompyuta ya kawaida hujaribu funguo moja baada ya nyingine, na hata ikikimbia namna gani, dunia itakwisha kabla haijafika. Hii mpya haizihesabu hivyo. Inazipapasa zote kwa namna ambayo yeye mwenyewe alikiri hawezi kuieleza bila hesabu za ubao mzima, na mwishowe ufunguo wa tarakimu thelathini na mbili unakuwa mbele yake kama wa kumi na sita mbele ya ile ya zamani. Nguvu yote ya ufunguo inabaki nusu. Dawa yake, akasema, si kutupa redio. Dawa ni kuongeza ufunguo mara mbili, na redio hizi zinakubali tarakimu hadi sitini na nne.

Kisha akasema jambo lililonifanya niache kufunga waya zangu. Yaliyokwisha kusemwa hayawezi kuokolewa. Miaka yote hii Wale walikuwa wanarekodi ule mvumo wetu na kuuhifadhi, wakingoja mashine. Kyungu, ambaye haulizi kitu, aliuliza mtu anahifadhi kelele kwa kazi gani. Emmanuella akajibu kwamba kelele haiozi. Gari likampigia honi, akaondoka bila kutupa dadu mara ya pili.

Hapo kaka yangu alifanya kosa ambalo nadhani angeweza kulifanya yeye tu, na Kabange. Waliambiwa waongeze ufunguo mara mbili. Kwa watu wawili waliovaa kitambaa kimoja maisha yao yote, kuongeza kitu mara mbili ni kukipa pacha wake. Wakachukua zile tarakimu thelathini na mbili, wakazirudia zilezile mbele yake, zikawa sitini na nne. Walifurahi. Kabange alisema sasa ufunguo hauko peke yake. Hawakuona kwamba aliyemjua wa kwanza amekwisha kumjua wa pili, na mashine haikuhitaji kupapasa zaidi ya ilivyopapasa mwanzo. Mimi pia sikuona, lakini mimi nachaji betri.

Kwenye maziko ya Kabange, Mama Mwaba alimsimamisha Kyungu ukingoni mwa kaburi, ameligeuzia kaburi mgongo kama inavyotakiwa. Yeye akasimama nyuma yake na mkasi, akakata uzi wa shanga shingoni mwake, akachomoa ushanga mmoja, na zilizobaki akazihamishia kwa mfuatano uleule kwenye uzi mpya wenye fundo moja, palipokatwa pasijulikane. Ule ushanga ulishushwa ukawekwa kwenye kiganja cha Kabange. Maana yake ni kwamba aliyeenda amepewa kitu cha mwenzake, basi atosheke, asirudi kuchukua kilichobaki. Pacha aliyebaki haruhusiwi kuona ni ushanga gani. Kyungu aliangalia mbele tu. Uzi wa Kabange ulienda kwa binti yake, Graciella, ambaye ni muuguzi. Gari la wagonjwa pia lilienda kwake, na redio zake mbili. Mama Mwaba naye alivuka mpaka muda mfupi baadaye, na hatujui yuko mji gani.

Kwa miezi mingi Kyungu alimwongoza mtoto wa ndugu yake kama alivyomwongoza ndugu yake. Mtu akimuuliza habari za Kabange, alijibu kwamba "iko ku chumvi", yaani bado yuko huko chumvini.

Kiangazi kikafika. Huku kwetu majani yakikauka watu huchoma mapori, na mwaka ule hakukuwa na mtu wa kuuzuia moto. Jua lilikaa jekundu mchana kutwa na uliweza kulitazama bila kufumba macho. Mchana mmoja nilikuwa kibandani nikibadilisha betri, saa ileile ambayo Kabange alizoea kupiga akitoka safari ya kwanza, na redio ikasema:

"Kyungu, uko unanisikia? Ambia Chola anibakizie sombe."

Mvumo haukuwepo. Ilikuwa sauti yake safi, na ule mkwaruzo wake wa koo mwishoni. Ile sombe, mboga ya majani ya muhogo, naikumbuka. Nilimbakizia kweli, miaka miwili nyuma, akaja akala amesimama mlangoni kwa sababu gari lilikuwa linamngoja. Nitasema wazi nilichosikia moyoni: niliogopa, na papo hapo nilifurahi. Nilitaka aseme tena. Kyungu aliweka mikono yote miwili juu ya meza, akaitazama redio.

Sauti ilirudi siku tatu mfululizo. Tairi la gari. Daraja lililojaa maji. Utani wao wa kitoto ambao siwezi kuuandika hapa. Watu wa mtaa walijaa mlangoni, wengine na rozari, wakanong'ona kwamba ushanga wa kaburini ulitolewa vibaya, kwamba mwenyewe hakutosheka na amekuja kuita mwenzake. Mama mmoja aliniambia nimfiche Kyungu kwa ndugu zetu wa mbali. Nilikuwa tayari kumsikiliza. Lakini Kyungu alinivuta ndani, akafunga mlango, akaniambia maneno mengi kuliko aliyoniambia mwaka mzima. Yule hakuwa Kabange. Ilikuwa kelele ya zamani iliyofunguliwa. Wale walikuwa wamepata ufunguo, na walikuwa wanatuchezea tulichosema ili tujue kwamba wanatusikia.

Sijui kwa nini, lakini hilo lilinitisha kuliko mzimu. Mzimu wetu angalau angetupenda.

Siku ya nne, asubuhi, sauti ikaanza kusema mambo ambayo Kabange hakuwahi kuyasema.

Graciella alikuwa amekwama kwenye shamba lililoachwa, ng'ambo ya Kasungami, na vijana watatu wenye majeraha ya risasi aliowakuta porini. Wale walikuwa wanawatafuta vijana hao. Alikuwa na njia mbili. Moja ilikuwa kuacha gari na kuwapitisha kwa miguu katikati ya mashamba ya mahindi mpaka Kasungami, polepole, wakijikokota. Nyingine ilikuwa barabara kubwa, kwa gari, haraka, kupitia kizuizini. Alikuwa anangoja Kyungu amwambie. Na redio ikasema, kwa sauti ya baba yake, "Kamama, pita ku barabara kubwa. Barrière haiko tena. Mi niko nakungoja kule." Kamama ni jina alilomwita akiwa mtoto mchanga. Walilipata humohumo kwenye kelele yetu.

Kyungu alinyakua redio akamwambia asisikilize, akae palepale. Kabla hajaiweka mezani, redio ikaongea tena, na safari hii ilikuwa sauti ya Kyungu. Ilimwambia Graciella kwamba amekosea kumzuia, kwamba njia ya mashamba ina mabomu, apite barabara kubwa. Kaka yangu alikuwa amesimama mbele yangu mdomo umefungwa, nikimwona, huku akisikika anazungumza. Aligusa midomo yake kwa vidole kuhakikisha.

Basi hapo mtoto angemwamini nani? Sauti ya baba yake ilimwita. Sauti ya baba yake mkubwa ilisema hivi, na tena vile. Chochote ambacho Kyungu angesema kwa ufunguo ule, Wale wangesikia na kusema kilekile vizuri kuliko yeye. Na ufunguo mpya angempaje? Ukiutamka hewani, umewapa wote. Mkono wa Kyungu ulipanda shingoni, kama unavyopanda akiwaza, ukaanza kuzungusha shanga. Ukasimama.

Alibonyeza kitufe akasema taratibu, na nilishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia.

"Graciella. Hata kama hauniamini, fanya hivi. Ile kintu Mama Mwaba alitungia baba yako, anza ku fundo, uende ku kuume. Rangi ya kwanza ni moja. Rangi mupya yenye kufuata ni mbili, na kuendelea. Zijaze zote sitini na ine, zenye kubakia uziache. Mwenye iko na ile kintu njo atakujibu kule. Mwengine hapana."

Wale walisikia kila neno. Lakini kusikia habari za shanga si kuwa nazo. Zilikuwepo nyuzi mbili tu duniani, zilizotungwa na mwanamke mmoja asiyekuwa anafikiria chochote, na hakuna mashine inayoweza kumuuliza bibi yule vidole vyake viliokota nini.

Kyungu alichukua redio ya pili. Alivua uzi, akaulaza mezani, mimi nikamsomea rangi, yeye akabonyeza. Ile ya kwanza tuliiacha imewashwa pembeni kwa sababu tulitaka kujua wanamwambia nini. Alipomaliza, akamwita. Mvumo. Akahakiki tarakimu zote, akaita tena. Mchanga kwenye bati. Upande wa pili wa meza Kabange alikuwa anasema, kwa upole, kwamba jua linapanda na vijana watakufa wasipotibiwa.

Nilimwambia labda betri ya mtoto imekwisha. Alitikisa kichwa. Alikuwa anautazama uzi, na nikaona anakumbuka wakati uleule nami nakumbuka. Nyuzi zile hazikuwa sawa tena. Mmoja ulikuwa na ushanga mmoja zaidi ya mwingine, na ushanga wenyewe ulikuwa ardhini, kwenye kiganja cha aliyekuwa anatuita.

Hakuna aliyejua ni wa rangi gani wala ulitoka wapi. Mama Mwaba hayupo. Shanga zilitungwa upya vizuri, hakuna pengo wala fundo la pili. Kyungu akavuta kiti, akaanza kufanya ile kazi ambayo mashine hufanya. Aliweka rangi ya kwanza kwenye nafasi ya kwanza, zilizofuata akazisogeza mbele, akaita. Mvumo. Rangi ya pili. Mvumo. Ya tatu. Rangi saba, kisha nafasi inayofuata, kisha rangi saba tena. Kila mara alibonyeza, akasema "Graciella, uko unanisikia?", akangoja, akafuta. Alikuwa hana mashine ya nchi ya mbali. Alikuwa na kidole gumba.

Adhuhuri ikapita. Betri ya kwanza ikafa, nikaleta nyingine, ambayo haikujaa kwa sababu moshi ulikuwa umelizuia jua. Hiyo nyingine ikapungua. Nilihesabu nafasi zilizobaki nikaona betri haitazimaliza. Redio ya pembeni ilinyamaza muda mrefu, halafu sauti ya Graciella ikatokea pale, nyembamba, ya kuchoka, akisema amekaa na ile kintu mkononi na redio moja inampa mvumo tu, na kwamba kwenye nyingine baba anamwita, na kwamba kijana mmoja ameanza kuweweseka. Akasema atangoja kidogo tu. Kabange akamjibu, "Kuja, Kamama."

Nililia. Kyungu hakulia, aliendelea kubonyeza, na alipokosea nafasi moja akairudia tangu mwanzo. Nikasimama nyuma yake kumshika mabega, na nilipokuwa hapo, nikitazama kisogo chake, nikaona kwamba nimesimama mahali aliposimama Mama Mwaba.

Alikuwa mfupi, mwenye haraka, na alikuwa anaogopa kaburi kama sisi wote. Mtu akisimama nyuma yako na mkasi hafiki mbele kwenye fundo, ambalo Kyungu huliweka chini ya koo. Anakata kinachomwangalia. Nilichukua uzi mezani nikamvalisha kaka yangu kama alivyovaa siku ile, nikaweka kidole kwenye uti wa shingo, mahali ambapo mkasi ungeshuka wenyewe. Nikamwambia aanzie hapo. Palikuwa mbali sana na mahali alipokuwa amefika.

Hakubishana. Ni mara ya kwanza katika maisha yetu kaka yangu kufanya nilichosema bila kukikagua kwanza. Akaweka rangi ya kwanza kwenye nafasi ile. Mvumo. Akasogea moja kushoto, akapitia rangi. Akarudi kulia. Bluu. Njano. Nyeupe.

"Graciella, uko unanisikia?"

Kukawa kimya, kimya kisafi kisicho na mchanga.

"Baba mukubwa," akasema mtoto. "Niko nakusikia."

Nilikaa chini kwenye sakafu. Kyungu alimweleza njia: aache gari, apite kwenye mahindi yaliyokauka, afuate mfereji mpaka kwenye nyumba ya mabati ya Mzee Mapalo, ambaye atawapokea. Graciella alisikiliza. Kisha akauliza, na ninaamini kila mtoto angeuliza hivyo, kama ni kweli ile sauti si yake. Inajua jina lake. Inajua wimbo aliomwimbia. Labda amefungwa kule, akasema, labda yuko hai kizuizini na wanamlazimisha, na yeye anamwacha. Alisema yeye hakumwona akishushwa kaburini, alifika wamekwisha kufukia, na tangu siku ile baba yake mkubwa mwenyewe amekuwa akisema iko ku chumvi. Nikasikia mlango wa gari unafunguliwa kule aliko.

Kyungu alinitazama. Nilijua anachotaka kufanya nikatikisa kichwa, kwa sababu mimi pia nililelewa nyumba ileile. Alifumba macho.

"Kabange alikufa," akasema. "Mutoto, baba yako alikufa. Mi njo nilimuzika."

Hakuna kilichoanguka. Jua liliendelea kuwa jekundu dirishani. Mlango wa gari ukafungwa kule shambani, na Graciella akasema, "Ndiyo, baba," na baada ya hapo tulisikia miguu tu, na mtu akigugumia kwa maumivu, na majani makavu ya mahindi yakipasuka njia nzima mpaka Kasungami.

Waliingia kwa Mzee Mapalo jua likiwa bado halijazama, wote wanne. Kwenye redio ya pembeni Kabange aliendelea kumwita Kamama mpaka giza.

Siku aliyofika Katuba, Graciella alilaza uzi wake kando ya ule wa Kyungu. Ushanga uliopungua ulikuwa mweupe. Alitaka kukata wa kwake ulingane na wetu, Kyungu akamzuia. Alisema nyuzi ziachwe hivyohivyo, na kwamba hata haya tunayosema kwa shanga yamekwisha kurekodiwa na yanangoja mashine nyingine. Alilisema kama mtu anayezungumzia mvua.

Mimi nilikuwa namchunguza. Alikuwa amelitamka lile neno, na nilingoja homa, nilingoja risasi, niliamka usiku na kwenda kusikiliza pumzi yake kwenye ukuta wa chumba chake. Hakuna kilichomjia. Kilichokuja kilikuja mchana, saa ya Kabange, tukiwa watatu kibandani. Redio ya zamani ilikuwa bado rafuni. Kabange akaita, "Kyungu, uko unanisikia?" Na redio hiyohiyo ikajibu, kwa sauti ya kaka yangu, kwamba ndiyo, anamsikia, alete habari.

Wakaanza kuzungumza wao kwa wao. Sijui kama ni mazungumzo ya zamani au Wale waliyashona kwa mashine. Kabange alitoa ule utani wao, na Kyungu wa redioni akacheka. Alicheka mpaka akakosa pumzi. Kicheko kile nilikuwa nimekisahau kabisa, tangu maziko sijakisikia, na nilipogeuka kumtazama mwenye kicheko, alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kimya, waya mkononi, anawasikiliza.

Graciella aliinuka kuzima. Kyungu akamshika mkono.

"Wacha," akasema. "Batu babili bale beko muzuri." Yaani, waachwe watu wale wawili, wako vizuri.

Waliongea mpaka betri ikaanza kufifia, sauti zao zikashuka, zikawa nzito, zikaisha. Kesho yake asubuhi kaka yangu aliniletea betri za kuchaji kama kawaida yake, akaziweka mezani bila salamu. Nilizipanga chini ya paneli moja moja. Ile ya redio ya zamani haikuwemo, na hajaileta mpaka leo.